Utangulizi: Udongo wa Ukambani, Kijani cha Sabaki

Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea, simama juu ya daraja la Athi katika barabara itokayo Kibwezi kwenda Mutomo. Nyuma yako ni Makueni, mbele yako ni Kitui, na chini yako yanapita maji yenye rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Teka glasi moja uiache juu ya meza usiku kucha. Asubuhi utakuta udongo umetuama chini, mwekundu, laini kama unga uliochekechwa mara mbili, na juu yake maji ambayo bado yana ukungu. Udongo ule umetoka shambani mwa mtu. Huenda juzi ulikuwa kwenye mteremko wa Mbooni au Kilungu, chini ya mbaazi zilizokuwa zinaanza kutoa majani. Maji uliyoyaacha yaende zake yatakutana na mto Tsavo ndani ya mbuga, yatabadilika jina yaitwe Galana, kisha yataitwa Sabaki, na kaskazini mwa mji wa Malindi yataingia Bahari ya Hindi.

Kitabu hiki kinahusu kinachotokea pale mlangoni mwa mto, maji ya bara yanapokutana na chumvi. Hasa kinahusu vijimea visivyoonekana kwa macho vinavyoelea katika maji yale, ambavyo wataalamu huviita fitoplanktoni: viko vya aina ngapi, vinatengeneza chakula kiasi gani, na ni nini kinachoviongeza au kuvipunguza. Lakini nimekiandika nikiwafikiria kwanza wanafunzi wa Kitui na Makueni. Wengi wao huja darasani wakiamini kwamba elimu ya bahari ni urithi wa watu wa Pwani. Ninawakaribisha kwa moyo wote, na ninawaambia mapema kwamba nusu ya somo hili mmekulia ndani yake.

Wazee wenu waliijua njia ya kutoka bara hadi pwani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa, na Kivui wa Kitui, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1849, alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa njia ile. Maji nayo hushuka pwani, ingawa si yote yanayofika. Upande wa mashariki wa Athi umesimama uwanda wa Yatta kama ukuta, mkondo wa lava ya kale wenye urefu wa karibu kilomita 300. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mvua ya Kitui haiingii Athi kabisa. Vijito vya kaskazini, upande wa Mwingi, huelekea Tana. Tiva na Thua huelekea mashariki na kuishia mchangani nyikani kabla ya kuiona bahari. Mwanafunzi wa Kitui, basi, ana milango miwili ya mto ya kuiita yake: wa Sabaki, kwa ukanda wake wa magharibi, na wa Tana, kwa vijito vyake vya kaskazini. Nitashughulika zaidi na Sabaki, kwa kuwa ndio mto unaopita kati ya kaunti hizi mbili na kuwa mpaka wao.

Fitoplanktoni ni nini? Ni viumbe vya chembe moja moja, au minyororo ya chembe, vinavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula kama mahindi yanavyofanya, ila havina mzizi wala shina na huenda vinakochukuliwa na maji. Vingi ni vyembamba kuliko unywele. Ukiweka mimea yote ya dunia kwenye mizani kwa kaboni iliyomo, fitoplanktoni haifikii sehemu moja kwa mia. Hata hivyo, karibu nusu ya chakula chote kinachotengenezwa kwa mwanga wa jua duniani kinatokana nayo. Siri yake ni kasi. Mbuyu hungoja miaka mingi kabla ya kuzaa, lakini fitoplanktoni ya kundi la daiatomu iliyopata mwanga na mbolea hujigawa mara moja au mbili kwa siku, na huliwa karibu kwa kasi ileile. Ndiyo sababu tunatenganisha maneno mawili ambayo wanafunzi huyachanganya kila mwaka. Wingi ni kiasi kilichopo majini sasa hivi. Uzalishaji ni kiasi kinachotengenezwa kwa siku. Maji yanaweza kuonekana maangavu, hayana kijani cha kusema, kumbe uzalishaji wake ni mkubwa na uduvi na dagaa wanakula kila kinachozaliwa.

Nilipotazama tone la maji ya Sabaki kwa hadubini mara ya kwanza nilitarajia kuona kijani. Niliona tope. Chembe za udongo zilijaa kila pembe, na kwa muda nilidhani sampuli imeharibika. Niliposogeza kioo polepole ikajitokeza duara moja safi, yenye mistari iliyotoka katikati kama spoki za baiskeli. Hiyo ilikuwa Coscinodiscus, daiatomu ya baharini. Mbali kidogo ulipita mnyororo wa visanduku vyenye miiba mirefu pembeni, Chaetoceros, naye wa baharini. Halafu, katikati ya udongo, uzi wa vipipa vilivyoungana ncha kwa ncha: Aulacoseira, mkaazi wa maji baridi, aliyesombwa kutoka bara. Baadaye niliziona jamaa zake katika maji ya silanga, yaani bwawa dogo la udongo, mamia ya kilomita kutoka pale. Wakaazi wa chumvi na mgeni wa maji matamu walikuwa katika tone moja, na mgeni alikuwa karibu kufa, maana chumvi ilishaanza kumnyonya.

Daiatomu zina ganda la kioo, yaani silika, lenye vipande viwili vinavyoingiliana kama kopo la mafuta ya kujipaka na kifuniko chake. Silika ile inatoka nchi kavu. Miamba ikimumunyuka mvuani huiachia. Majani ya nyasi huifyonza na kujijengea makali, ndiyo yanayokukata kidole unapolisha ng'ombe. Mnyama akila nyasi na kunya mtoni, sehemu yake inarudi majini. Mwaka 2019 watafiti wa mto Mara walionyesha kwamba viboko, kwa kula nyasi usiku nchi kavu na kunya majini mchana, wanapitisha sehemu kubwa ya silika iendayo mtoni. Galana nao una viboko wake. Mimi hufurahi kila ninapowaza kwamba ganda la kioo lililobeba chakula cha uduvi wa ghuba ya Ungwana huenda lilikuwa jani la nyasi Tsavo.

Sasa tufike kwenye kiini. Mto huleta vitu viwili kwa pamoja, na vitu hivyo vinapigana. Huleta mbolea: nitrojeni, fosforasi, silika. Huleta pia tope, linaloziba mwanga. Mwaka 1934 Alfred Redfield aligundua kwamba fitoplanktoni ya baharini ina nitrojeni na fosforasi kwa uwiano usiobadilika sana, ambao leo tunauandika atomu 16 kwa 1, na daiatomu huhitaji silika karibu sawa na nitrojeni. Kikipungua kimoja, wingi wa vingine haufai kitu, kama sufuria yenye maharagwe tele bila mahindi, ambayo haiwezi kutoa isyo. Lakini hata vyote vikiwepo, gizani hakuna kinachopikwa. Padri Angelo Secchi wa Italia alishusha sahani nyeupe baharini mwaka 1865 kupima kina ambacho jicho linaipoteza, na kifaa hicho tunakitumia mpaka leo. Nje ya miamba, katika maji ya buluu, sahani inaweza kuonekana hata zaidi ya mita 20 kwenda chini. Mlangoni mwa Sabaki wakati wa mafuriko, inapotea kabla maji hayajakufika kiwiko.

Kwa hiyo mahali penye mbolea nyingi kuliko pote huenda pasiwe na kijani chochote. Mgeni wa somo hili hushangaa. Kisha chumvi huanza kazi yake. Katika maji matamu, chembe za udongo wa mfinyanzi hubeba chaji za umeme zinazozifanya zisukumane, ndipo zinaelea siku nyingi. Zikikutana na chumvi, kusukumana kule kunapungua, zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama. Kilomita chache nje ya mlango, tope limeshuka na mbolea imebaki. Mwanga unaingia. Hapo ndipo penye mkanda wa kijani. Msimu wa mafuriko mkanda huo husukumwa mbali zaidi. Wakati wa kiangazi hurudi karibu na ufuo, pengine hata ndani ya mlango wenyewe, maji yakiwa yametulia na kukaa muda wa kutosha kwa vijimea kuzaana kabla ya kusombwa.

Upepo ndio unaoamua mkanda uelekee wapi. Wakati wa kusi, maji ya Sabaki hupinda kaskazini, kuelekea Mambrui na ghuba ya Ungwana. Wakati wa kaskazi hushuka kusini, hadi ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968 kwa ajili ya matumbawe. Hapa kalenda ya Ukambani inaingia baharini kwa namna inayonigusa. Mkulima wa Makueni anajua kwamba mvua ya kutumainiwa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, anayoiita ya nthwa, kuliko ya Machi hadi Mei. Mafuriko ya nthwa hufika pwani upepo ukiwa katika tangambili, yaani kati ya kusi na kaskazi, au umeshageuka kaskazi, na tope lake huangukia matumbawe ya Malindi. Mafuriko ya masika hufika kusi ikianza, na huenda upande mwingine. Atakayetaka kuelewa kwa nini hesabu za vijimea za Aprili na Novemba hazifanani mahali palepale asianze kwa kulaumu hadubini. Aulize kwanza mvua ilinyesha lini Wote kule Makueni, upepo ulitoka wapi, na kama siku ile ilikuwa ya bamvua au ya maji mafu, kwa sababu maji ya bamvua huchanganya tabaka ambazo maji mafu huziacha zimelaliana, matamu juu, chumvi chini.

Juu ya anuwai, yaani wingi wa aina, kuna kitendawili cha zamani. Mwaka 1961 G. Evelyn Hutchinson aliuliza: maji yamechanganyika, vyakula ni vichache, na kila kijimea kinavitaka vilevile. Kwa nini mshindi mmoja hawamalizi wengine? Jibu ambalo wengi wetu tunalikubali ni kwamba hali haikai vilevile muda wa kutosha ili mshindi apatikane. Leo tope, kesho jua. Asubuhi maji yamejaa, jioni yamekupwa. Mlango wa mto wa nchi za joto ni mahali ambapo jibu hilo linaweza kupimwa kila saa. Kuna wazo jingine, la Adolf Remane wa mwaka 1934, kwamba aina hupungua pale chumvi inapokuwa kidogo tu, kwa kuwa wa maji matamu hawawezi kuvumilia na wa baharini hawajapata chumvi inayowatosha. Alilipata katika bahari ya Baltiki, ambako maji hayapandi na kushuka kwa kiasi cha kutajika, na zaidi kwa viumbe wa chini. Mimi sioni sababu ya kulichukua zima zima tukalipachika Sabaki, ambako mahali palepale panapitiwa na maji matamu na ya chumvi ndani ya saa sita. Msomaji atakuta katika sura za mbele kwamba nabishana nalo mara kwa mara.

Kazi ya kupima maji ya Kenya haikuanza jana. Mwaka 1992 meli ya utafiti ya Uholanzi, Tyro, ilipima pwani yetu katika misimu miwili, ya kusi na ya Novemba, Wakenya na Waholanzi wakifanya kazi pamoja. Mojawapo ya matokeo yake ni taarifa za uzalishaji wa fitoplanktoni na za kuonekana kwa Trichodesmium, sayanobakteria inayoweza kuchukua nitrojeni ya hewani na kujirutubisha yenyewe. Mabaharia huiona kama michirizi ya vumbi la mbao juu ya maji tulivu. Huko Tanzania, Ian Bryceson alikuwa ameshachunguza fitoplanktoni ya pwani tangu miaka ya 1970. Kuhusu mashapo ya Tana na Sabaki, tunamtegemea sana Johnson Kitheka, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kitui. Kwamba mmoja wa wanaoijua zaidi milango ya mito yetu ameifundisha akiwa Kwa Vonza, kilipo chuo hicho, mbali na bahari, hakunishangazi hata kidogo.

Kumbukumbu ndefu kuliko zote, hata hivyo, haikuandikwa na mtu. Iko ndani ya tumbawe la Malindi. Udongo hubeba bariamu. Ukifika kwenye chumvi huiachia, na tumbawe huijenga ndani ya mifupa yake mwaka baada ya mwaka, kama mti unavyoweka duara. Dominik Fleitmann na wenzake walisoma tumbawe la aina hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Kuanzia 1700 hadi karibu 1900, udongo wa Sabaki haukubadilika sana. Tangu mwanzo wa karne ya 20 umepanda bila kurudi.

Historia ya miaka ile Ukambani inajulikana. Vilima vya Mua vilitwaliwa na walowezi, malisho ya Yatta yakafungwa, watu na mifugo wakabanwa ndani ya rizavu. Ardhi iliyobanwa ilianza kumomonyoka, na serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kunyang'anya ng'ombe. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi na kupiga kambi huko, wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye kisha alipelekwa kuzuiliwa Lamu. Sijui kisa kingine ambapo mgogoro wa ardhi wa bara umeandikwa hivi ndani ya jiwe la bahari. Somo letu lina namba nyingi, na mwanafunzi anaweza kuzizoea akasahau kwamba nyuma ya kila kipimo cha tope kuna boma la mtu.

Na kuna upande wa pili. Wakulima hawakukaa tu. Vikundi vya mwethya, vya kusaidiana kazi, vilichimba matuta ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa juu ya mteremko, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya udongo vya dunia nzima. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha mwaka 1994 kwamba katika Machakos ya zamani, iliyokuwa pamoja na Makueni, watu waliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 na huku mmomonyoko mashambani ukipungua. Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni nayo yanashikilia mchanga na maji yaliyokuwa yakikimbia. Basi kwa nini tumbawe linazidi kuonyesha udongo? Bonde la Athi ni kubwa, na barabara, kingo za mto, njia za mifugo na machimbo ya mchanga vyote vinatoa tope ambalo matuta hayalizuii. Maelezo haya ya mlimani na ya baharini bado hayajasomwa kwa pamoja ipasavyo, na kama kuna mwanafunzi anayetafuta kazi ya uzamili, hii hapa, imemkalia mlangoni.

Nitrojeni ina njia yake. Kwa sehemu kubwa inatoka Nairobi, katika maji machafu ya jiji. Trent Marwick na wenzake walifuata mto mzima na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba wakati wa kiangazi mto wenyewe huisafisha: maji yanakwenda polepole, bakteria wanapata muda, na nitrojeni nyingi inarudi hewani kabla ya kufika pwani. Mvua zikija, mto unakimbia na kuipeleka baharini ikiwa haijaguswa. Hivyo fitoplanktoni ya Sabaki hupewa mbolea ya jiji katika siku zilezile inapofunikwa na tope.

Mizani hiyo inakaribia kubadilika. Pale Thwake inapoingia Athi, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, linajengwa bwawa lenye ukuta wa mita 80.5, lililopangwa kushika maji ya mita za ujazo milioni 688. Kiu ya watu wa kaunti hizi ni ya kweli na bwawa linahitajika. Nimeona kina mama wakichota maji shimoni mchangani kwa kibuyu, wakingoja yatiririke tena. Lakini bwawa ni ziwa, na maji yaliyosimama, yenye joto na mbolea ya jiji, yanapendwa na sayanobakteria kama Microcystis, ambayo aina zake nyingine hutoa sumu ya ini. Kwa watu wa Makueni na Kitui, elimu ya fitoplanktoni itakuwa elimu ya mtungi wa nyumbani. Huku chini, bwawa litazuia tope, jambo ambalo matumbawe yatalifurahia, na pia litazuia silika, kwa sababu daiatomu za ziwani zitaitumia na kuzama nayo. Misri ilijifunza kwa njia ngumu: baada ya bwawa la Aswan kuanza kuyazuia mafuriko ya Nile katika miaka ya 1960, uvuvi wa dagaa nje ya mlango wa mto ulianguka kutoka tani zipatazo 18,000 mwaka 1962 hadi chini ya 1,000 kufikia 1968. Sabaki si Nile. Lakini tunahitaji vipimo vya leo, kabla ya bwawa kujaa, maana baadaye havitapatikana kwa bei yoyote.

Kwa hiyo usisubiri maabara kubwa. Nenda daraja la Sabaki katika barabara ya Malindi kwenda Mambrui, saa maji yanapoanza kupwa. Teka chupa moja juu na nyingine kwenye kina cha mita moja. Andika saa, upepo, mwezi ni wa siku ngapi, na sahani imepotelea wapi. Chukua jozi nyingine, chupa moja angavu na moja iliyofungwa kitambaa cheusi, uzining'inize majini saa chache. Tofauti ya oksijeni kati yao itakupa uzalishaji, mbinu iliyotumika tangu 1927. Katika zile za kwanza tia ayodini tone kwa tone mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi hafifu, uziache zitulie siku nzima bila kuzitikisa. Mwaga maji ya juu taratibu, chukua tone la chini, na usogeze kioo polepole. Kwanza utaona tope. Endelea kusogeza.